Vyumba Themanini na Vitatu vya Maji

Najma binti Shehe alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa kitabu. Msicheke. Kitabu chenyewe cha Kiingereza, kinene, jalada limechubuka pembeni, na kwa miaka kumi na minane kililala kitandani upande wa mumewe, karibu na mto kuliko alivyolala yeye. Kila asubuhi akimkuta Burhani amekifungua kabla hata ya kuvaa kandambili, alikuwa akimuuliza, "Mwenzangu ameamka?" Na Burhani, bila kuinua macho, humjibu, "Ameamka, na leo amekushinda adabu." Najma hununa mpaka chai iive, kisha humletea kikombe chake vilevile.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne Burhani hajatamka neno. Kiharusi kilimkuta uani kwao, hapo mtaa wa Bertrams, Johannesburg, amechutama anafunga bomba la jirani, na alipoinuliwa, upande wake wa kulia ulikuwa hauna habari na ulimi wake haukuwa naye tena. Mkono ulianza kurudi kidogokidogo, mguu nao ukajikokota. Sauti haikurudi. Na Ijumaa ya wiki ya tatu toka hapo, baada ya swala, mdogo wake Salum alikuwa anaingia kutoka Tanga kuja kumchukua.

Kitabu kile Burhani alikipata mtaa wa Rosettenville. Bibi mmoja wa Kireno, mjane, alimwita amtengenezee bomba la jikoni, na fundi alipomaliza akamkuta bibi anapanga vitabu vya marehemu kwenye maboksi, vikatupwe. Cha juu kilikuwa na picha ya mashua ndefu ndani ya mtaro, inavutwa kwa kamba na nyumbu watatu, wale wazao wa punda na farasi, wanaotembea ukingoni. Burhani akasimama palepale na spana mkononi. Maisha yake yote alikuwa ameshughulika na maji, lakini hakuwahi kusikia maji yanayopandisha mashua mlima. Bibi akamwambia achukue. Kiingereza chake kilikuwa cha kuulizia vipimo vya mabomba tu, basi ilimchukua miaka mitatu, kamusi pembeni, kufika ukurasa wa mwisho. Alipofika, akaanza upya.

Mfereji wenyewe unaitwa Erie, uko Marekani, jimbo la New York. Miaka mia mbili na ushee iliyopita watu wa huko waliukata kwa majembe na sururu toka mto Hudson mpaka ziwa Erie, karibu kilomita mia sita, na iliwachukua miaka minane. Mhandisi wa kusomea kazi ile hawakuwa naye. Wakubwa wa kazi walikuwa watu waliozoea mahakama na kupima mashamba. "Wamejifunza mlemle mtaroni," Burhani angesema, na hapo kifua kinamtoka, utadhani anawasifia shemeji zake. Wachimbaji wengi walikuwa watu wa Ireland waliovuka bahari kutafuta riziki, na homa ya mabwawani iliwaua wengi. Wenye midomo yao waliucheka mfereji, wakauita mtaro wa gavana, yule mkuu wa jimbo aliyeupigania.

Ila roho ya Burhani ilikuwa kwenye vile vyumba vya maji. Mashua inaingia kwenye chumba cha mawe, mlango wa nyuma unafungwa, maji ya juu yanaachiwa taratibu, chumba kinajaa, na mashua inapanda yenyewe bila kusukumwa na mtu. Halafu mlango wa mbele unafunguliwa. "Lakini," na hapa alikuwa akiinua kidole, "mlango haufunguki mpaka maji ya huku na ya kule yalingane. Usukume na watu kumi, mtajichosha bure." Na vyumba hivyo, toka mwanzo wa mfereji hadi mwisho, vilikuwa themanini na vitatu.

Alisimulia kwa kinyozi. Alisimulia barazani msikitini, Mayfair, Wasomali wenye maduka yao wakimsikiliza huku wanatazama saa. Kwenye harusi ya binti yao Tabia, aliyeolewa Durban, alisimulia mpaka pilau likapoa, na wakwe wakaondoka wanamwita Bwana Mfereji. Najma hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja, lakini kwa kusikia tu, mguu kwenye cherehani na pini mdomoni, aliujua mfereji ule kuliko alivyoijua mitaa ya Johannesburg.

Pale msikitini Burhani alijulikana kwa jambo la pili. Alikuwa anasimama safu ya mbele, nyuma ya imamu, kwa sababu Kurani ilikuwa imemkaa kifuani. Na mnajua, ndani ya swala hakuna mazungumzo, hata nyumba iungue. Lakini imamu akikosea aya, aliye nyuma yake humkumbusha kwa sauti, naye hurudi kwenye njia. Miaka yote hiyo mkumbushaji alikuwa Burhani. Hakuwa na haraka wala majivuno. Kosa lilikuwa linamwasha tu, hawezi kulala nalo. Nyumbani pia alimsahihisha Najma bei ya vitambaa, tarehe za misiba, majina ya watoto wa watu, na Najma aliapa mara nyingi kwamba iko siku atamshona mdomo.

Mungu amsamehe kwa maneno yale, kwani sasa alikuwa anayakumbuka kila siku.

Baada ya kiharusi kilichobaki kilikuwa kutikisa kichwa kwa kukubali, na kilitikiswa kwa lolote. Unataka chai? Anakubali. Hutaki? Anakubali. Victorine, jirani yao msusi kutoka Bukavu, alimwinamia akamuuliza kama anamkumbuka, akakubali. Akamuuliza kama amemsahau, akakubali pia. Siku moja Najma, amechoka kumgeuza, mgongo unamwaka, alimuuliza, "Baba Tabia, wewe ni mbuzi?" Akakubali, kwa heshima zote. Najma akaingia jikoni, akafungulia bomba, akalia.

Ndiyo maana Salum alipopiga simu ya video na kumuuliza kaka yake kama anataka kurudi Tanga, Najma alijua jibu litakuwa nini.

"Shemeji, umemwona mwenyewe," Salum akasema. "Kakubali."

"Amekubali na kuwa mbuzi, Salum."

Salum hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwonea uchungu kaka yake. Alisema Tanga kuna mabinti wa ukoo wa kumwinua, kuna hewa ya bahari, kuna watu wa kumsomea dua. "Na wewe utafuata." Lakini Najma hati zake za ukaazi zilikuwa ofisini zinasubiri kuongezwa muda, tangu mwaka uliopita zinasubiri, na kutoka nje ya nchi hakuweza. Wote wawili walilijua hilo. Salum akasema, "Sikiliza, shemeji. Akitamka kwa mdomo wake kwamba anabaki, wallahi nitarudi peke yangu. Lakini atamke."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu afike.

Kliniki kulikuwa na binti mmoja mpole, Mzulu, anayefundisha wagonjwa kusema. Alimwambia Najma asimsukume mzee. Amweleze tu mambo anayoyapenda, kila siku, kwa utulivu. Anayoyapenda? Najma akacheka kwa uchungu. Alirudi nyumbani, akamtoa mwenzake chini ya mto, akamfuta vumbi na kumweka mapajani mwa mume wao, akaanza kusimulia mfereji. Alisimulia vizuri, hakuruka kitu: majembe, homa, nyumbu, madaraja yaliyokuwa chini mno hata abiria waliokaa juu ya mashua hulala kifudifudi kupita. Kila alasiri hivyohivyo, pale chumba cha mbele penye cherehani. Burhani alimtazama kwa upole na kutikisa kichwa. Wiki nzima ikapita.

Jumatatu ya wiki ya pili alikuwa anatia zipu kwenye gauni la kanisani la Victorine, zipu mbishi, na akili yake nusu iko kwenye zipu. "Basi mashua ikafungwa kamba," akasema, "ikavutwa na ng'ombe wawili, mpaka..."

"Mh," kikasikika.

Najma akainua macho. Burhani alikuwa amekunja uso. Kichwa hakikutikisika. Kidole cha mkono wa kushoto, mkono wenye nguvu, kilikuwa kinagonga jalada la kitabu, palepale kwenye picha.

"Nyumbu," Najma akasema polepole. "Samahani, Baba Tabia. Nyumbu."

Uso ukakunjuka. Najma aliweka gauni chini, na ilimchukua muda kuelewa alichokiona. Mtu aliyekubali kila kitu duniani, hata ubuzi, alikuwa amekataa ng'ombe. Akakumbuka safu ya mbele kule Mayfair, na yule mtu asiyesema neno katika swala mpaka imamu akosee. Alikuwa anamuuliza mumewe maswali mwezi wa nne sasa, kumbe maswali hayakuwa na kazi. Kilichotakiwa ni kukosea.

Kukosea Kurani kwa makusudi asingethubutu, hata kwa dawa. Lakini mfereji wa Wamarekani ungeweza kukosewa bila dhambi kubwa. Kuanzia siku ile Najma akawa mwongo wa kutupwa. Mfereji ulichimbwa kwa vijiko. Mfereji ulianzia Mombasa. Watu wa Ireland walikuja kwa treni. Siku ya ufunguzi gavana alimwaga baharini pipa la maziwa, wakati yeye mwenyewe alijua fika, kwa kusimuliwa mara elfu, kwamba yalikuwa maji ya ziwa, yakutane na ya bahari. Kila uongo Burhani aliupiga kidole. Siku ya pili alitikisa kichwa kwa kukataa, kulia na kushoto, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue. Siku ya nne akatoa sauti, "A-a."

Victorine aliyasikia kutoka mlangoni, amefuata gauni lake, akashtuka. "Mama Tabia, unamudanganya mugonjwa?"

"Namdanganya kwa dawa. Ingia na wewe umdanganye."

Victorine akavuta kiti, akafikiri, akamwambia mzee kwamba yeye anavyojua, mfereji ule ulichimbwa na Wabelgiji. Burhani alimkazia macho. Kisha upande mmoja wa mdomo, ule mzima, ukapanda juu, mabega yakatikisika, na hao wanawake wawili wakabaki wanatazamana, kwani alikuwa anacheka.

Neno lilikuja Jumatano, siku mbili kabla ya Salum. Najma alifika kwenye vyumba vya maji, na kwa uso mkavu kabisa akasema jumla yake ilikuwa themanini na viwili. Kidole kikagonga. Yeye akajifanya hakuona, akaendelea. Kidole kikagonga tena, kwa nguvu, na Burhani akavuta pumzi, shingo ikamkaza, jasho likamtoka kwenye paji.

"Vi," akasema. "Vi... tatu."

Najma alimrukia na pini zake mdomoni, ikabidi azitoe kwanza ndipo ambusu. Kisha akamwita Victorine kwa kugonga ukuta, naye akaja mbio na kitana mkononi, amemwacha mteja kichwa nusu kimesukwa. Jioni ile likatoka neno la pili, nyumbu, na Alhamisi la tatu, sivyo. Hayo tu. Lakini Najma aliyashika hayo matatu na kusubiri Ijumaa kwa matumaini.

Salum aliingia saa tisa, mrefu, mwembamba, kanzu imejikunja kwa safari. Alipiga goti mbele ya kiti, akasema, "Shikamoo, kaka," akaubusu mkono uliolegea, akalia bila kujificha. Burhani naye machozi yalimtiririka. Miaka sita hawakuwa wameonana.

"Ameanza kusema," Najma akamwambia, akimtilia chai. "Sikiliza." Akamgeukia mumewe. "Baba Tabia, mfereji wa Erie ulikuwa na vyumba themanini na viwili."

Burhani alikuwa anamtazama mdogo wake tu. Hakugonga kitu.

"Mashua zilivutwa na ng'ombe," Najma akasema. "Mfereji ulichimbwa kwa vijiko." Alisikia sauti yake inapanda, akajua anasukuma mlango, lakini hakuweza kujizuia. "Ulianzia Mombasa, Baba Tabia. Mombasa."

Hakuna kitu. Salum aliweka kikombe chini taratibu, na Najma akaona wazi kwamba shemeji yake anamhurumia, na kwamba ameshaanza kujiuliza ni nani hasa mgonjwa katika nyumba hii.

"Kaka," Salum akasema, "twende nyumbani?"

Burhani akakubali.

"Muulize kama anabaki," Najma akasema.

"Kaka, unabaki?"

Akakubali vilevile. Salum akapangusa uso kwa mikono miwili. "Basi, shemeji. Amri iko kwetu, sisi tunaoweza kusema." Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomvunja Najma nguvu. Akainuka, akatoa begi juu ya kabati.

Alipakia palepale chumba cha mbele, kwa kuwa hakutaka kumwacha hata kwa dakika hizo. Shati, vikoi viwili, kofia aliyomdarizi mwenyewe, dawa. Alimweleza Salum dawa ya asubuhi na dawa ya jioni, na kwamba anageuzwa kwa kushika bega, siyo mkono. Mwisho akachukua kitabu mapajani mwa Burhani, akakitia juu ya vikoi. "Na huyu mwenzangu mwende naye," akasema. "Msimulie. Usimwache akae tu. Usinione mwepesi wa kulia, Salum. Nimekaa na mtu huyu katika mji huu miaka ishirini na sita, ndani ya nyumba hii hii, na sijui..."

"Saba."

Salum aligeuka. Najma alisimama na zipu ya begi mkononi.

"Ish... saba," Burhani akasema, na kidole kikagonga mkono wa kiti, kwa kuwa kitabu hakikuwepo tena cha kugongwa.

Ilikuwa kweli. Ishirini na saba. Najma safari hii alikosea kwa haki yake, kwa huzuni. Salum akafungua mdomo aulize, na Najma akamwinulia mkono anyamaze. Swali lingeleta kutikisa kichwa. Kulikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilimwogopesha. Uongo wote aliomwambia Burhani kwa siku kumi, alijua kwamba ni uongo. Hili la sasa hakulijua. Kwa miaka ishirini na saba mumewe alisema "nyumbani" akiwa na maana ya Tanga, asubuhi na jioni, kama wasemavyo wote walio ugenini, na yeye Najma hakuwahi kumuuliza zaidi. Angeweza kulisema na Burhani akanyamaza, kwa kuwa hakuna cha kusahihisha. Na hapo yeye angefunga zipu.

Akapiga moyo konde. Akamwambia Salum, lakini kwa sauti ya kusimulia mfereji, "Nyumbani kwa Burhani ni Tanga. Hapa alikuwa anapita tu."

Huko nje teksi ikapiga honi kwenye robot, taa za barabarani, ikapita. Burhani alitazama begi, akatazama mdogo wake, akamtazama mkewe, na Najma hakumsukuma. Alisubiri.

"Si," Burhani akasema. Akameza mate. "Sivyo."

"Ni wapi, kaka?" Salum akadakia, na macho ya Burhani yakaanza kuhangaika, kichwa kikaanza kukubali.

"Usimuulize," Najma akamnong'oneza. "Kosea."

"Nini?"

"Mwambie kosa, Salum. Kosa lolote."

Salum, mwalimu wa hesabu, mtu asiyekosea kwa hiari tangu azaliwe, alimtazama shemeji yake, akamtazama kaka yake, akakohoa. "Nyumbani kwako, kaka," akasema kwa shida, "ni Durban. Kwa Tabia."

"Sivyo."

"Ni... ni Mayfair. Msikitini."

"Sivyo." Hili lilitoka upesi, na ndani yake kulikuwa na uchovu wa mtu aliyezungukwa na wajinga. Mkono wa kushoto ukaondoka kwenye kiti, ukapapasa hewani, ukamshika Najma kifundo cha mkono na kukivuta, mpaka akapiga magoti. Burhani akakigonga kwa kidole, hapo penye mshipa, mara mbili.

"Hapa," akasema.

Salum alitoka nje uani, akakaa huko kwa muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amekula kiapo, naye akakitimiza: Jumatatu alirudi Tanga peke yake, na kabla ya kuondoka alijifunza kwa Najma mfereji wote, ili awe anaukosea kwenye simu.

Lakini jioni ile ya Ijumaa, Najma alitoa vitu kwenye begi kimojakimoja, na kitabu akakirudisha mapajani mwa mumewe. "Mwenzangu kaghairi safari," akasema. Kisha akavuta kiti karibu na kusimulia mfereji toka mwanzo. Nyumbu wakavuta, homa ikapita, milango ikafunguka maji yalipolingana, vyumba vikawa themanini na vitatu, na gavana akamwaga maji ya ziwa baharini. Hakukosea hata mahali pamoja, na Burhani, mkono wake juu ya ule wa mkewe, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa kimya.